Mwaka wa Pafu Moja

Mwanaidi alipovua viatu mlangoni nilijua amekuja kwa ajili yangu. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi nimenenepa, yeye amekonda, lakini kuna watu ambao huwezi kuwasahau hata ukijitahidi, na mimi nilijitahidi sana. Tulikuwa msibani Mlalo, nyumbani kwa Sista Naomi, nesi aliyekuwa mkuu wa wodi yangu ya kwanza na aliyenifundisha kazi. Mwili ulikuwa haujafika. Wanawake tulikaa kwenye mikeka sebuleni, tumebanana, ukungu umeshuka mpaka dirishani ingawa ilikuwa saa tano asubuhi, na nyuma ya nyumba wapishi wanabishana kama makande yatatosha. Mwanaidi alipita katikati ya magoti ya watu, akawaamkia waliomzidi umri mmoja mmoja, akaja kukaa ubavuni mwangu na kunishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Sista Eliza, nina neno nataka kukwambia. Lakini siyo hapa, na siyo kabla hatujamzika huyu." Nikamjibu sawa. Nilidhani nalijua neno lenyewe. Nilidhani amekuja kuniambia kwamba amegundua nilivyomuua baba yake.

Binti yangu, ambaye ni mwalimu na hupenda kunisahihisha, aliposoma mstari huo alinitaka niongeze neno "pengine". Nimekataa. Miaka yote hiyo kichwani mwangu hapakuwa na pengine, na hii ni hesabu ya kichwa changu, siyo cheti cha kifo. Saa nne nzima nilikaa pale nikiimba nyimbo za faraja na wenzangu, mkono wa Mwanaidi juu ya wangu, na kila nilipofumba macho nilikuwa tena kwenye kile chumba cha pembeni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, wakati vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilipoanza kuonekana madukani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha uuguzi, nikapangiwa hospitali moja ya misheni huku huku milimani. Jina lake sitalitaja. Marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni, na wazee wa Shume wakaanza kuvaa makoti mazito yaliyotoka Ulaya, mengine yakiwa na jina la mwenyewe limeshonwa ndani ya kola. Mama aliyepika uji wa wagonjwa alishikilia kwamba makoti yale ni ya watu waliokufa. Watu walimcheka, halafu wakienda nyumbani wanalifumua lile jina kwa wembe. Na mjini Lushoto, karibu na stendi, likafunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, ambalo mwenyewe alipanga chupa za dripu dirishani kama soda. Zamani dripu ilitoka stoo ya hospitali kwa saini. Sasa mtu aliweza kuinunua na kupanda nayo basi.

Ambaye hajawahi kuuguza kwetu huenda asielewe dripu ni nini. Ndugu wakitoka kumwona mgonjwa, wale waliobaki nyumbani hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza, "Wamemtundikia ngapi?" Chupa moja ina maana anaumwa. Chupa tatu zina maana anaumwa na watu wake wanamjali, na madaktari wanahangaika. Mgonjwa asiye na chupa juu ya kichwa ametupwa, na ndugu zake watasemwa. Nililelewa na imani hiyo, na miaka mitatu ya chuo iliifunika tu, haikuiondoa. Nilijifunza majina ya maji, kiasi cha chumvi, idadi ya matone kwa dakika. Lakini kila nilipoona chupa inapungua taratibu na mgonjwa ametulia chini yake, nilijisikia kwamba kuna jambo jema linaendelea duniani.

Mwaka huo tulikuwa na daktari mgeni, Mzungu mzee aliyekwisha kustaafu kwao, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kupasua vifua. Jina lake lilitushinda, wagonjwa wakamwita Dakta Kifua, naye akaitika. Kiswahili chake kilinyooka kupita kiasi na hakikuwa na adabu ya kuzunguka jambo. Kwa hiyo siku alipoitazama picha ya eksirei ya Mzee Hoza alimweleza wazi, mbele ya binti yake Mwanaidi na Salehe, mdogo wa mzee mwenyewe, kwamba kile kivuli upande wa kulia ni saratani, na kwamba njia iliyopo ni kuliondoa pafu lote la kulia. Mzee Hoza alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao Shume mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Alikuwa amekohoa mwaka mzima. Nyumbani wakasema vumbi la mbao, zahanati wakasema kifua kikuu na kumpa dawa zake, mpaka alipoanza kutema damu. Alikuwa mrefu, na koti lake la mtumba lilimfikia magotini. Hakulia wala hakusema ni mapenzi ya Mungu, ingawa Salehe pembeni alikuwa ameshaanza kulisema hilo. Aliuliza swali moja. "Hilo litakalobaki, litajua kwamba mwenzake hayupo?"

Dakta Kifua alifikiri. "Litajua," akasema. "Hatari iko hapo."

Baadaye alitueleza mimi na Sista Naomi maana yake, akichora kwa kalamu kwenye meza ya wodi. Damu yote iliyokuwa ikigawanywa kwenye mapafu mawili sasa itapita kwenye moja. Pafu hilo linakuwa kama limejeruhiwa, ingawa hakuna aliyeligusa. Mishipa yake midogo inaanza kuvuja, na siku tatu au nne za mwanzo ndizo za kuogopa, hasa kwa aliyetolewa la kulia, ambalo ni kubwa zaidi. Ukimjaza maji mgonjwa siku hizo, maji yatatafuta pa kutokea, na yatatokea pafuni. "Mtamwacha akauke kidogo," alisema. "Atawachukia. Mkubali achukie." Sista Naomi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, ambaye tangu nimfahamu sikumwona akikimbia, na ambaye aliamini kwamba kila agizo la daktari lina sababu hata kama daktari mwenyewe ameisahau.

Chumba cha pembeni kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja la mbao, na ukuta wa mawe uliotoa jasho nyakati za ukungu. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo Tadei, Mbena wa Njombe aliyechuma chai kwenye mashamba ya huku milimani tangu ujana wake na ambaye hakuwa na ndugu wa karibu kuliko Njombe. Wiki moja kabla, Dakta Kifua alimtoa pafu la kushoto. Siku zake nne za kiu Tadei alizimaliza kwa kulamba pamba iliyoloweshwa, akitutukana kwa Kibena ili tusielewe. Alipona vizuri, ila alikuwa na jambo moja lililotutisha wasichana wa wodi. Pale palipotolewa pafu pana nafasi, na nafasi hiyo hujaa majimaji polepole. Ni jambo la kawaida na Dakta Kifua alikuwa akiugonga ubavu wa Tadei kwa kidole kila asubuhi, kama mtu anayepima pipa limefika wapi. Lakini Tadei alipojigeuza kitandani, ulisikika mtikisiko. Uliusikia ukiwa mlangoni. "Kuna mtu humu ndani anatembea na ndoo," Tadei alisema, na Mzee Hoza, aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye kitanda cha pili, alicheka hadi akakohoa. "Mimi nikitoka huko," alimwambia, "wewe utakuwa na la kulia, mimi la kushoto. Tukiunganishwa tunatoa mtu mmoja mzima, na mwingine wa bure."

Walimpasua Jumatatu. Alitoka salama, akapelekwa chumbani, na kuanzia siku hiyo nilikuwa nahudumia chumba chenye wanaume wawili na mapafu mawili. Salehe aliomba apewe pafu la kaka yake. Mwalimu wao wa madrasa alikuwa amemweleza kwamba kiungo cha mtu hakiswaliwi lakini huzikwa, hakitupwi. Dakta Kifua akakata kipande cha kupeleka maabara, kilichobaki kikafungwa kwenye shuka jeupe na kutiwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Nilimkabidhi mimi mwenyewe Jumanne asubuhi. Akaipakata ndoo kwenye basi la Shume, na watu waliokaa naye, alinisimulia, walidhani ni maziwa.

Jumanne hiyo hiyo, adhuhuri imepita kidogo, nilikuwa nampima Mzee Hoza shinikizo la damu, akafungua macho na kuuliza, "Nani kanimwagia maji ubavuni?" Nilipapasa shuka. Lilikuwa kavu. Nikapapasa bandeji, kavu. "Upande huu," akasema, na akagusa upande wa kulia kwa uangalifu, kama anayemgusa mtu aliyelala. "Baridi. Kama nimelala kwenye udongo." Nikamwekea blanketi la pili. Hatukuwa tumemwambia chochote kuhusu maziko; Salehe hakutaka kaka yake ajue. Kesho yake Salehe aliporudi alitueleza koridoni kwamba amezika pafu baada tu ya swala ya adhuhuri, mvua ikinyunya, chini bondeni kwenye mwisho wa shamba lao, kwa sababu udongo wa makaburini juu ulikuwa mgumu na yeye alikuwa peke yake na jembe. Shimo lilitoa maji kabla hajalifukia. Nimewasimulia madaktari wengi jambo hilo tangu wakati huo, na kila mmoja ana maelezo yake kuhusu mishipa ya fahamu, na huwa nayakubali yote.

Kiu ilianza Jumanne na kufikia Jumatano ilikuwa imemtawala. Agizo lilikuwa kiasi kidogo kwenye mshipa kwa siku nzima, na pamba ya kulowesha midomo. Alikuwa hatukani kama Tadei. Alikuwa anatazama tu. Alisahau Kiswahili kabisa, akabaki na Kishambaa, na katika Kishambaa akabaki na neno moja, *mazi*, maji. Alilisema kila nilipopita, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba, kama anayenitajia jina la mtu tunayemfahamu sote. Tadei alimwambia kutoka dirishani, "Mzee, usiwaombe hao. Ukiwaomba ndiyo inazidi. Fikiria kitu kikavu." Na mimi nilianza kuogopa kuingia chumbani. Nilikuwa nasitasita kizingitini, nasikiliza wanaume wawili wanavyopumua, mmoja akivuta wakati mwingine akitoa, mpaka huwezi kujua ni wawili.

Jumatano asubuhi waliletwa wageni wake kutoka Shume, gari zima. Sasa aliyekuwa kitandani alikuwa mtu mwenye heshima zake, na juu ya kichwa chake palining'inia kichupa kimoja kidogo, na hakikuwa kinadondoka. Nilikuwa nafunga bandeji koridoni nikawasikia shangazi za Mwanaidi wakizungumza nje ya mlango. "Wamemtoa pafu, na maji wanamnyima." "Hapa ukiwa huna kitu ndiyo hivyo." "Mwanaidi anakaa hapo anatazama tu?" Mwanaidi aliyasikia pia. Alikuwa na umri kama wangu, kanga imekaza kiunoni, hajalala tangu Jumapili. Aliondoka na basi la saa sita kwenda mjini, na kabla ya alasiri alirudi na chupa mbili za lita moja kutoka lile duka la dawa, amezifunga ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Sista Naomi akamwambia hapana. Alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaitwa. Mama mmoja mjamzito alikuwa amefikishwa akitoka damu, na Dakta Kifua alimtaka Sista Naomi kwenye chumba cha upasuaji mara moja. Akaniachia wodi. Akaniambia, "Hizo chupa zisiguswe." Nikamjibu, "Ndiyo, Sista."

Mwanaidi hakunipigia kelele. Alinifuata kwenye meza ya dawa, akasimama karibu kabisa. "Sista," alisema, "wewe ni mtoto wa huku. Yule Mzungu hawezi kuisikia kiu ya baba yangu, anasikia lugha tu. Wewe unaisikia." Salehe alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, macho mekundu. Ndani ya chumba mzee alitamka lile neno. Nikachukua chupa moja.

Nataka niliseme hili bila kulipamba. Nilijua. Siku tatu kabla nilikuwa nimesimama mezani nikitazama mchoro wa kalamu. Lakini nilijiambia kwamba nitaiachia polepole sana, matone machache, kiasi cha kuwafurahisha watu tu, na kwamba Sista Naomi akirudi nitaiondoa. Nilikikaza kile kigurudumu cha kwenye mpira kinachoongoza matone, nikahesabu matone kwa saa yangu ya mkononi, nikahesabu tena. Mzee Hoza alitazama chupa. Wote waliokuwa chumbani waliitazama, na nyuso zao zikalegea, na shangazi mmoja akasema alhamdulillahi. Tadei peke yake alijigeuzia dirishani, na ndoo yake ikatikisika. Kisha nikaitwa wodi ya wazazi kushika mgonjwa mwingine, nikakaa huko karibu saa nzima.

Niliporudi chupa ilikuwa tupu. Nilisimama chini yake nikashindwa kuelewa. Nilijua nilivyoipanga, ilipaswa kufika kesho asubuhi. Nikadhani mkono wangu ulitetemeka, kwamba nilihesabu vibaya kwa sababu ya hofu. Lakini Mzee Hoza alikuwa ameegemea mito, rangi imemrudi, anamsimulia Salehe jinsi mti mmoja wa mkafuri ulivyomshinda kuupasua miaka ya nyuma. Anasimulia kwa Kiswahili. Aliponiona akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki." Mwanaidi akanipa chupa ya pili, tayari ameshaifuta. Nami nikaitundika. Sikuwa nimelazimishwa na mtu. Niliona mgonjwa amependeza, nikaitundika kwa furaha, nikahesabu matone mara tatu, nikaondoka kwenda kugawa dawa za jioni. Hiyo nayo iliisha kabla ya saa kumi na moja.

Aliyegundua alikuwa Tadei. Aliniita kwa mkono kutoka dirishani. Ukungu ulikuwa umeingia chumbani kama kawaida ya jioni, na ndugu walikuwa wametoka kula. "Sista," alisema, "sikiliza huyu." Nikasikiliza. Mzee Hoza alikuwa anapumua haraka, mdomo wazi, na chini ya pumzi palikuwa na mchemko, ule wa uji unapoanza kuchemka. Nikachukua kipimo cha kusikilizia kifua, nikakiweka kushoto. Nilisikia milio midogo isiyohesabika, chumvi ikitupwa motoni, kuanzia chini mpaka begani. Halafu, sijui kwa nini, nikakihamishia kulia, upande usio na kitu. Pale hapakupaswa kuwa na sauti. Nikasikia pumzi. Ilikuwa safi, ndefu, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri, na haikwenda pamoja na kifua kilichokuwa kikihangaika mbele yangu. Nilitoa kipimo masikioni. Sauti husafiri ndani ya mwili, hilo linafahamika. Sikumweleza mtu yeyote mpaka nilipoolewa.

Usiku ule sitauandika. Dakta Kifua alifanya alichoweza: oksijeni, dawa ya kumkojoza, kumkalisha wima. Mashine ya kupumulia hatukuwa nayo. Povu lenye rangi ya waridi lilikuwa linatoka, tunalifuta, linatoka. Alikuwa mtu anayezama, kwenye kitanda kikavu, juu ya mlima. Saa tatu asubuhi ya Alhamisi alifariki, na Dakta Kifua, bado ameshika kifundo cha mkono wake, akauliza bila kugeuka, "Amepewa maji kiasi gani jana?"

Mimi nilifungua mdomo. Sista Naomi alisema, "Kama ulivyoandika, Daktari."

Dakta Kifua alilitazama faili. "Basi ni pafu lenyewe," akasema. "Wengine huvuja tu. Unafanya yote sawasawa na wanavuja." Akatoka. Nilimkuta Sista Naomi kwenye chumba cha kuoshea vyombo, anazivunja zile chupa mbili ndani ya ndoo, taratibu, kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Alizikuta chini ya kitanda. Hakuninyooshea kidole. "Hapa tuko manesi wanne kwa wagonjwa wote hawa," alisema. "Nikikupoteza wewe, nitakufa mimi. Umesikia nilichomjibu. Ndicho unachokijua na wewe." Hatukulizungumzia tena, hata nilipomtembelea mara ya mwisho akiwa hawezi tena kunyanyuka. Mwaka huo Dakta Kifua aliwatoa mapafu watu wengine watatu. Wawili walikwenda nyumbani kwa miguu yao. Mmoja alivuja vile vile, na huyo nina hakika hakupewa tone la ziada, kwa sababu nilikaa mlangoni kwake siku tatu. Binti yangu angesema lile "pengine" lake linaanzia hapo. Mimi sikuweza kulitumia.

Kwenye matanga kule Shume nilikwenda, kwa sababu nisingekwenda wangeuliza. Nilikaa na wanawake jikoni, nikapewa sahani ya wali na nyama, na nikasikia hukumu ikipita juu ya kichwa changu. Mama mmoja alisema mzee alikuwa anaendelea vizuri, alikuwa anazungumza, watu wamemwona. Mwingine akasema, pafu lilizikwa kwenye maji. Salehe alilizika bondeni, shimo linachuruzika, na lile lililobaki kifuani lilikuwa linakunywa pamoja na mwenzake. Walikumbuka kwamba marehemu alilalamika baridi ya udongo ubavuni. Mimi ndiye niliyewasimulia, siku ile, kwa ujinga. Kila mmoja aliona imekamilika. Salehe alikuwa nje anapasua kuni, na hakuna aliyempelekea chai. Nilikuwa na jibu mdomoni pamoja na wali. Nikameza vyote viwili. Kabla ya mwaka kwisha Salehe alihamia Lukozi kulima mboga, na nikasikia kwamba nyumba ya kaka yake hakuingia tena.

Tadei tulimruhusu baada ya wiki chache. Siku zote hizo hakutaka mgonjwa mwingine alazwe kile kitanda, na alipoulizwa alisema kuna mtu. "Nikivuta mimi, anatoa yeye," aliniambia, bila hofu, kama anayesimulia habari za jirani mwenye kelele. Miaka mingi baadaye nilimkuta sokoni Lushoto anabishania bei ya viazi, mzee kabisa, pafu moja, sauti kubwa. Hakuwa na mtu wa kumletea chupa, na hapo alipokuwa amesimama alikuwa hai. Nilirudi nyumbani bila kununua nilichofuata.

Sista Naomi tulimzika saa tisa. Baada ya chakula Mwanaidi alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa zizi, ukungu umetuziba pande zote hadi sauti za jikoni zilikuwa zinatoka pasipojulikana. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka niseme mimi kwanza, lakini aliniwahi.

"Ile chupa," alisema. "Ulivyotoka, niliifungua. Kile kigurudumu. Niliona unatubania, matone yanakuja moja moja, shangazi wanatazama. Nikakifungua mpaka mwisho. Na ya pili nikafungua. Ilipokwisha nilikirudisha kama ulivyokiweka." Alikuwa ananitazama usoni. "Miaka hii yote nimekuwa nasema, nikimwona nitamwambia. Nikasikia Sista Naomi amekufa, nikajua utakuja."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kwanza kabla ya lolote nilifurahi, mwili mzima, mkono wangu haukuwa umetetemeka. Kisha nikamwona alivyokonda. "Mwanaidi," nikamwambia, "nilikatazwa kuzigusa, nikazitundika. Ya kwanza ilikwisha mbele ya macho yangu na bado nikaweka ya pili. Usingekuwa na cha kufungua."

Akauliza, "Angepona?"

"Sijui. Dakta alisema wengine huvuja tu."

"Sisi tulitakiwa tufanye nini?"

"Kumtazama. Na kiu yake. Siku tatu, nne."

"Tusingeweza, Sista," alisema, na mimi nilijua kwamba ni kweli.

Nikamuuliza habari za baba yake mdogo, Salehe. Akasema alifariki mwaka juzi. Mimi sikuwa na habari. "Alipoanza kuumwa nilikwenda Lukozi," alisema. "Nilikwenda makusudi nimweleze habari za chupa, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi. Akafungua mlango, akanikumbatia, akawa analia kwa furaha kwamba mtoto wa kaka amekuja. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nimekuja kununua kabichi." Alijifuta uso na ncha ya kanga. "Akaingia shambani na ugonjwa wake, akanijazia gunia. Akakataa hela."